Mlazo wa Kweli na Mlazo wa Kusukumwa

Kila ninapofungua kitabu, jicho langu hutafuta kwanza neno lililochapwa kwa herufi za mlazo, zile ambazo wengi wetu tunaziita italiki. Nataka kujua kama herufi hizo zilichorwa na mtu, au kama kompyuta ilichukua herufi za wima ikazisukuma upande mpaka zikainama.

Tofauti huonekana mara moja, kwa kuwa herufi iliyosukumwa hubaki na umbo lilelile la ile ya wima, ila imeinama. Herufi a ya wima ina tumbo chini na shingo iliyopinda juu yake, lakini katika mlazo wa jadi shingo hiyo hutoweka, likabaki tumbo lililoegemea mstari mmoja. Herufi f hurefuka ikashuka chini ya mstari wa maandishi. Katika n, upinde huchipuka kutoka ndani kabisa ya mguu wa kwanza, na vile vikanyagio bapa vinavyokaa chini ya herufi za wima hugeuka kuwa vimkia vyembamba, kama alama inayoachwa na kalamu inapoondoka kwenye karatasi.

Na kweli ni kalamu. Francesco Griffo, aliyezichonga herufi hizi kwa ajili ya matbaa ya Aldus Manutius huko Venice, aliufuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Maneno machache yalionekana mwaka 1500 ndani ya picha iliyochapwa kitabuni, na mwaka 1501 mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, yakachapwa yote kwa mlazo, katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba herufi kubwa za Griffo zilibaki wima na fupi. Kuzilaza nazo kulikuja baadaye. Katika karne hiyohiyo ya 16 Mfaransa Robert Granjon alichonga milazo yenye uhai mwingi, ambayo leo huandamana na herufi za wima za Claude Garamond katika fonti kadhaa za kompyuta, ingawa mabwana hao walifanya kazi kila mmoja kivyake.

Siku hizi mlazo haubebi tena kitabu kizima, na naona ni sawa, kwa kuwa kurasa nyingi mfululizo huchosha macho. Tunautumia kwa majina ya vitabu, maneno ya kigeni, vigeu vya hisabati kama x, na majina ya kisayansi ya viumbe, kama Homo sapiens. Hutumika pia kukazia neno, na hapa naupenda kuliko herufi nzito: weusi wa neno zito huonekana hata kabla hujaanza kusoma ukurasa, ilhali neno la mlazo husubiri msomaji alifikie. Aya ikiwa tayari yote ni ya mlazo, neno la kukaziwa hurudishwa wima, na utofauti unapatikana vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua fonti ya kupangia kitabu, mimi huandika a, f na n kwa mlazo, nikazikuza mpaka zijae kioo, kisha nikaziweka kando ya zile za wima.