Kazi mpya, safari za kikazi na bafu lililovunjwa: siku za kuwepo nyumbani

Ukipata kazi mpya yenye safari za mara kwa mara, na huku bafu la nyumbani linasubiri kukarabatiwa, si lazima uahirishe kimojawapo. Ukarabati wa bafu una siku nyingi ambazo hakuna la kufanya ila kusubiri saruji ishike na gundi ikauke. Hizo ndizo siku za kusafiri. Siku ambazo ni lazima uwepo ni chache, na zote zinatangulia kufunikwa kwa kitu fulani. Bomba likishazikwa ukutani na dawa ya kuzuia maji ikishafunikwa na vigae, kosa lililomo ndani halionekani tena hadi unyevu ujitokeze miezi kadhaa baadaye, pengine kwenye chumba cha jirani.

Kwa hiyo kabla hujampa fundi tarehe ya kuanza, mwombe msimamizi wako ratiba ya safari za wiki nane zijazo. Ni swali la kawaida kazini na hakuna atakayelishangaa. Likizo usiitegemee, maana katika muda wa majaribio waajiri wengi hawatoi likizo ndefu. Omba badala yake ruhusa ya saa chache asubuhi kwa kila ukaguzi, zinatosha. Fedha nazo zitenganishe mapema. Masurufu ya safari yanadaiwa risiti, na mtu akishachota humo kulipia mifuko ya saruji, atajikuta anarudi ofisini na hesabu isiyofungika wakati bado anajulikana kwa jina tu.

Ukaguzi wa kwanza ni wa mabomba, na ndio unaostahili muda wako mwingi kuliko yote. Mabomba ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto, yale ya PPR, huhitaji mashine iliyofika nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye moto sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, kisha husukumwa moja kwa moja ndani ya kiungo bila kuzungushwa. Fundi akizidisha muda, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani na kubana tundu. Maji yatatoka, lakini kwa unyonge, na hakuna atakayejua sababu bila kuvunja ukuta. Akipunguza muda, kiungo hushika juujuu tu, kije kiachie baadaye. Sogeza tochi karibu na kila kiungo. Kilichoungwa vizuri huonyesha pete ya plastiki iliyozunguka bomba lote kwa unene ulio sawa. Pete ikiwa nene upande mmoja na kutoonekana upande wa pili, bomba liliingia likiwa limepinda.

Kisha vizibwe vinywa vyote, mabomba yajazwe maji, hewa itolewe, na pampu ya mkono yenye geji ipandishe presha hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida ya matumizi. Iachwe angalau saa moja. Sindano ikishuka kidogo dakika za mwanzo, usiogope, ni plastiki inatanuka, ipandishwe tena. Ikiendelea kushuka, pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, nayo itakuonyesha tone ambalo jicho haliwezi kuliona. Fundi akikuambia kipimo hicho hakina haja kwa sababu kazi yake anaijua, mjibu kwa upole kwamba plasta haitapigwa hadi kifanyike.

Bomba la maji machafu la choo huwa la milimita 110 na la sehemu ya kuogea milimita 50. Hili dogo lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Kona za chini ya sakafu zipindwe kwa elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90, kwa kuwa nywele na sabuni huganda kwenye kona kali. Kabla ya kufunika, piga picha ya kila ukuta huku futi ya kupimia ikionekana kuanzia sakafuni na kuanzia konani. Utakapotaka kutoboa tundu la rafu, utajua bomba limepita wapi.

Kwa umeme, hakikisha mambo matatu tu: hita ya maji iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa ardhini uwe umeungwa hadi mwisho, na bodi iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio. Kisipokata papo hapo, kazi haijaisha.

Hapo plasta na sakafu ya saruji zinaweza kuanza, nawe unaweza kusafiri. Ila mpe mtu mmoja, kwa jina, jukumu la kunyunyizia maji kila siku kwa siku 7. Wengi hudhani saruji inahitaji kukaushwa haraka, na hata hufungua madirisha yote ili upepo upite. Saruji hupata nguvu kwa kukaa na maji. Ikinyang'anywa maji siku za mwanzo, uso wake hubaki wa vumbi, na gundi ya vigae itashikilia hilo vumbi badala ya sakafu. Baada ya hapo ndipo kukauka kunakuja, na kwa makadirio sakafu hukauka milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ya sentimita 4 itachukua zaidi ya mwezi. Je, unalazimika kusubiri hivyo? Inategemea dawa ya kuzuia maji. Ile yenye saruji ndani hupakwa juu ya uso uliolowanishwa kidogo, kwa hiyo haina shida. Ile ya majimaji inayokauka na kuwa kama mpira inataka uso mkavu, la sivyo mvuke unaotoka chini utaiinua kwa mapovu. Soma maelekezo ya kopo kabla ya kupanga tarehe.

Mteremko wa sakafu ukaguliwe kabla ya dawa, kwa sababu unatakiwa kutengenezwa kwenye saruji, si kwenye gundi. Chukua pimamaji ya mita 1 na kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2. Weka mbao chini ya ncha inayoelekea tundu la maji. Kipovu kikikaa katikati, mteremko uko sawa. Rudia kutoka kila upande. Ukiwa mbali, simu ya video haitakuonyesha mteremko, lakini itakuonyesha maji yakitembea, basi mwambie fundi amwage ndoo na kamera itulie mpaka maji yaishe. Dimbwi litakalobaki ndilo jibu lako.

Kwa ukaguzi wa pili uwepo wewe mwenyewe. Dawa ipakwe mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, na kila kona ya ukuta na sakafu iwe imewekewa utepe wake maalumu ndani ya dawa, kwani pale ndipo nyumba inapotikisika na dawa tupu hupasuka. Mahali pa kuogea ipande ukutani hadi mita 2, kwingine sentimita 15 zinatosha. Ikikauka, ziba tundu, weka kizuizi mlangoni, jaza maji ya sentimita 3, chora mstari wa penseli ukutani na uache saa 24. Kushuka kwa milimita moja ni maji kupaa tu. Zaidi ya hapo, tafuta penye tatizo, na kama kuna chumba chini ya bafu, ukague dari yake. Ukaguzi huu mafundi wengi huuruka, na marekebisho yake huwa ghali.

Vigae vinaweza kuwekwa ukiwa safarini. Nunua asilimia 10 ya ziada, 15 kama vitawekwa kimshazari, na namba ya toleo kwenye maboksi yote iwe moja, maana rangi hutofautiana kidogo toleo hadi toleo. Mwelekeze fundi apake gundi kwa mwiko wa meno, sakafuni na mgongoni mwa kigae kikubwa, asiweke madonge matano na kubandika. Kati ya madonge hubaki uwazi, maji hujificha humo, na kigae hupasuka kinapokanyagwa. Akinyanyue kimoja cha mwanzo akupigie picha ya mgongo wake; gundi iwe imeenea karibu kote. Grauti, yaani saruji laini ya kujaza nafasi kati ya vigae, ingoje saa 24, na kona zijazwe silikoni badala ya grauti.

Malipo yafuate kaguzi hizo: kila hatua ilipwe ikishapita, na asilimia 10 ya mwisho ibaki mpaka bafu litumike wiki mbili au tatu. Fundi mzuri hukubali, mradi makubaliano yafanyike mwanzoni.

Bafu likiisha, safari zitaendelea. Kabla ya kuondoka kwa wiki kadhaa, mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni, halafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Maji yanayobaki kwenye mpindo wa bomba ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande, na mafuta huyachelewesha kupaa. Zima hita kwanza, ndipo ufunge koki kuu. Ukirudi, fungua koki polepole ili hewa itoke, acha maji yakimbie dakika chache kwenye kila bomba, na hita uiwashe baada ya kuona maji yanatoka bila kukatika.