Kompyuta imegoma kuwaka? Anza na RAM
Jamani kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka msikimbilie kununua nyingine. Ya kwetu hapa nyumbani umeme ulikatika ukarudi ghafla, basi ikawa feni inazunguka, taa inawaka, lakini kioo cheusi tii, na humo ndo kuna picha zote za marehemu mama kwa hiyo moyo ulikuwa juu kwelikweli. Fundi mmoja akasema pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme kwenye kompyuta, imekufa kabisa. Sasa kama imekufa feni inazungukaje?

Nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika hivi ili umeme uliobaki ndani uishe, nikafungua kava, nikagusa chuma cha boksi kwanza maana ule umeme wa mwilini unaweza kuua vifaa, halafu nikachomoa RAM, yaani kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta, nikasugua yale meno ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, nikafuta vumbi kwa brashi laini, nikairudisha na kuikandamiza mpaka klipu za pembeni zikalia ka! Ikawaka!! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na picha zote nikazikopi kwenye hadidiski ya nje hapohapo.

Ila pawasaplai yenyewe msiifungue, kapasita zake zinatunza umeme hata ukishaichomoa. Na kama saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kibao kama yangu, badilisheni kile kibetri cha mviringo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, nyingi zinatumia CR2032 ya volti 3.