Mzee Kitereza na mswada uliokaa miaka 35

Nimemaliza kusoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa mara ya pili, nikakaa na kitabu mapajani kama nusu saa hivi sifanyi chochote, namuwaza tu mzee aliyekiandika. Yaani watu wakianza kutaja waandishi wa riwaya za Kiswahili jina la Aniceti Kitereza linakuja mwisho kabisa, kama linakuja, na hilo linaniuma kweli.

Mzee kazaliwa 1896 kisiwani Ukerewe, ukoo wa watawala, akaingia misheni bado mdogo, akasoma seminari, Kilatini anacho, Kijerumani anacho, akaja kuwa katekista na mtafsiri wa mapadri. Sasa mtu kama huyo kawakuta wazee wanaokumbuka maisha ya kabla ya wakoloni, kamuona Mjerumani, kamuona Mwingereza, na kila mzee anayezikwa anaondoka na yake. Akaamua ayaandike. Angeweza kutuachia orodha ya mila na desturi basi, ila yeye akaandika habari za mtu na mkewe.

Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wazazi wa Bugonoka wakisikia wanakasirika wanamchukua binti yao, na jamaa badala ya kutafuta mke mwingine anamfuata mkewe ukweni, wakwe nao wanamtoza pombe ya ndizi ndo wamrudishie. Kuna watu wanasema hapo kitabu kinachosha, mara ndizi zinaivishwa, mara zinakamuliwa, salamu ndefu, kulima, kuvua samaki, kurasa na kurasa. Mimi hapo ndo pananishika! Hakuna sehemu Myombekere anasimama kusema nampenda mke wangu, unamuona tu anahangaika na ile pombe, na hizo kurasa ukizikata utabaki umeambiwa tu kwamba alilipa, jasho lenyewe hujaliona. Na ndo njia pekee ya kuijua Ukerewe ya zamani kwa mtu kama mimi ambaye sikuwepo, kwa kazi za mikono za watu wake.

Halafu ukishajua kwamba Kitereza mwenyewe na mkewe Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja, na waliendelea kuishi pamoja hivyo hivyo mpaka uzeeni, kile kitabu unakisoma kivingine kabisa. Mle ndani Bugonoka anapata mganga, anazaa, Ntulanalwo kwanza halafu Bulihwali. Nilipofika hapo safari hii ilibidi nifunge kitabu kidogo.

Mswada aliumaliza 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuuchapa, lugha yenyewe wasomaji wachache, nani aweke hela yake hapo. Ukakaa. Miaka ya mwisho ya sitini akafika Ukerewe mwanahistoria wa Kimarekani, Gerald Hartwig, anatafiti historia ya Wakerewe, akauona ule mswada na kumtia moyo autoe kwa Kiswahili, na mzee wa zaidi ya miaka 70, viungo vinamuuma, akakaa chini akaitafsiri mwenyewe kazi yote ile nene. Hebu fikiria kuandika kitabu kimoja mara mbili, mara ya kwanza hujapata mchapaji na ya pili huna uhakika kama utampata.

Tanzania Publishing House wakakitoa 1980. Mzee akafariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi.

Baadaye kikatoka kwa Kijerumani, na 2002 kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi wa riwaya na naye mtu wa Ukerewe, ambaye hakupitia Kiswahili, alirudi moja kwa moja kwenye Kikerewe cha mzee, kile kile cha 1945.