Samaki ameingia kanisani

Tumetoka mazoezini sasa hivi, hapa Nyalenda, Kisumu. Sauti sina.

Kwa wasiojua: vijana wa kanisa letu wanaandaa mchezo wa nyimbo kuhusu Yona. Nyimbo zote zetu, hakuna ya kuazima. Aliyeandika maneno ni dada anayeuza mitumba soko la Kibuye, mtunzi wa muziki ni kijana wa bodaboda, na vifaa vya jukwaani anashona mama mmoja wa kwaya.

Leo huyo mama ameleta samaki.

Jamani! Nyavu chakavu za wavuvi wa Dunga juu ya magunia, mbavu za mianzi. Yona akaingia, taa zikazimwa, nyatiti, kinubi cha Waluo, ikaanza. Nyuzi nane tu, ukumbi mzima kimya. Halafu kutoka tumboni ikasikika ile sala ya Yona, sura ya pili ya kitabu chake.

Mtunzi alikuwa mlangoni, helmeti bado kichwani, midomo ikifuata kila neno. Sidhani alijua tunamwona.

(Samaki hapiti mlangoni, lakini hilo ni la fundi.)

Sasa nisaidieni: Ninawi yetu, ule mji Yona aliotumwa, iwe mji gani? Mimi nimesema Kisumu yenyewe, wazee wakaguna. Nyinyi je?