Pete ya bibi Edna

Nimeirudia Relic usiku huu, safari hii nikiangalia vitu kuliko watu. Ni filamu ya kutisha ya Australia ya mwaka 2020, dakika 89, na ni filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Natalie Erika James, ambaye bibi yake wa Japani aliugua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Inaonekana. Asiyeujua ugonjwa ule asingejua nyumba ya mgonjwa ipambwe na nini.

Bibi Edna ametoweka. Binti yake Kay na mjukuu wake Sam wanatoka Melbourne na kukuta matunda yameoza bakulini, ukungu mweusi ukutani, na vikaratasi vya kunata kila mahali. Vingi ni vya kawaida, kama kile cha kumkumbusha kumeza dawa. Halafu macho yanaangukia kimoja kinachomwonya asikifuate "hicho". Kinatisha kwa sababu kimebandikwa kama vile vya dawa, na hakuna muziki wa kukushtua.

Siku chache baadaye Edna anarudi, miguu mitupu, na hasemi alikokuwa. Kwetu, bibi anayezurura usiku na kuzungumza na asiyeonekana angeitwa mchawi kabla hajapelekwa hospitali. Kilifi na Shinyanga wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo.

Tukio la pete ndilo darasa lenyewe. Edna anampa Sam pete yake kwa mapenzi. Baadaye anaiona kidoleni mwa mjukuu, anamwita mwizi na kumvua kwa nguvu. Wengi husema bibi amebadilika roho, lakini tazama hesabu yake. Alzheimer huanza na kumbukumbu mpya: tendo la kumpa Sam pete halikushika. Kumbukumbu ya kwamba pete ni yake ni ya miaka mingi, nayo bado ipo. Kwa akili iliyobakiwa na nusu hiyo moja, jibu la pekee ni wizi. Sam anajitetea kwamba alipewa, kama ambavyo ungefanya wewe, na ndiyo sababu moto unazidi. Kumthibitishia mgonjwa kwamba amekosea ni kumwonyesha shimo asiloweza kulijaza. Anayeuguza humrudishia pete, akakubali kwamba kuikosa kunaumiza, kisha akahamisha mazungumzo taratibu.

Kijana jirani, Jamie, naye amekatazwa na baba yake kukanyaga pale. Walikuwa wakicheza kibemasa, mchezo wa kujificha, na Edna; Jamie akafungiwa kabatini, na Edna akasahau kwamba kuna mchezo. Hapo hakuna pepo hata mmoja, na sidhani kuna kinachotisha zaidi filamu nzima.

Sam anapopotea nyuma ya kabati, vichochoro vinajirudia, dari inashuka, na njia aliyopita haipo tena. Mgonjwa wa Alzheimer hupotea hivyohivyo katika njia aliyoizoea maisha yote, ila hapa anayepotea ni mzima, nasi pamoja naye. Kukimbizana kunakofuata kumerefushwa mno kwa ladha yangu. Bomba la chuma linapoingia mkononi mwa Kay, filamu inakaribia kuwa kama nyingine zote.

Kisha inajirudi (ambaye hajaiona aishie hapa). Kay, ambaye kabla ya hapo alikwenda kukagua makao ya wazee, anambeba mama yake hadi kitandani na kumbandua ngozi polepole, kipande kwa kipande, mpaka kinabaki kiwiliwili cheusi, kidogo, kinachopumua. Mikono yake inafanya kazi kama ya mtu anayemwogesha mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe. Anajilaza kando yake, Sam anajilaza nyuma ya Kay, na hapo Sam anaona doa jeusi mgongoni mwa mama yake.

Kitabibu doa hilo, linaloashiria kwamba Kay naye ataugua, limetia chumvi. Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja ni nadra, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 65. Kwa wengine, kuwa na mzazi mgonjwa huongeza uwezekano tu. Lakini Sam hasemi kitu, wala haondoi mkono wake.