Unguja au Pemba?

Jumapili, usiku

Alhamisi iliyopita nilikwenda ofisi moja hapa mjini Mwanza kujaza fomu ya mwanangu. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, hilo niliseme mapema. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti. Akauliza mama wa mtoto kazaliwa wapi. Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu tangu usichana wangu: "Mimi mtu wa visiwani." Akashika kalamu, kisha akainua uso.

"Unguja au Pemba, mama?"

Nilikosa la kusema kwa muda. Dirisha la ofisi ile linatazama ziwa. Pale alipokaa, akigeuza shingo tu anayaona maji, na ukiyafuata maji hayo kuelekea kaskazini unafika kwetu kwa saa tatu na ushee za meli. Nikasema, "Ukerewe."

"Ahaa, Ukerewe," akasema, akaandika. Halafu akaongeza kwa sauti ya huruma, na ninaamini alikuwa na nia njema kabisa: "Kule kilikozama kivuko."

Siku nne sasa nimekaa na maneno hayo. Nimekwenda nayo nyumbani na nimerudi nayo leo jioni, kwa hiyo naona niyaandike.

Nianze na hilo neno visiwani. Nchi yetu tunaambiwa ina Bara na ina Visiwani, na Visiwani maana yake ni Zanzibar. Ndivyo redio inavyosema, ndivyo magazeti yanavyoandika. Sina kinyongo na ndugu zangu wa Zanzibar, neno ni lao kwa haki yao. Lakini wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na Ukerewe chenyewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa katika Afrika nzima, nasi wote tuliozaliwa humo tunahesabiwa watu wa Bara. Mtu ambaye mama yake akizidiwa na uchungu usiku inabidi kwanza itafutwe boti, na petroli ya boti, na mtu wa kuiendesha gizani, huyo kwenye karatasi ni mtu wa Bara. Nimetafuta neno letu sisi, la kujieleza kwa Kiswahili mtu akatuelewa mara moja, sijalipata. Lililokuwepo lina wenyewe.

Hapa Mwanza neno kisiwani lipo, tena linatumika kila siku, ila hapa ni mahali mtu anapotupwa. Mwaka jana, ndani ya daladala ya Kirumba, dada mmoja alikuwa akiongea kwenye simu kuhusu mwenzao aliyepata ajira ya ualimu. "Amepangiwa kisiwani, maskini. Mpigie umpe pole." Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Huyo mwalimu hakuwa amefiwa. Alikuwa anakwenda kwetu, kwenye machungwa na mpunga na watoto wanaotembea peku kilomita kadhaa ili wamkute darasani. Nilitamani nimguse bega yule dada nimweleze, nikashuka kituo changu bila kusema kitu. Hilo bado linaniuma, kwamba sikusema.

Ijumaa nilipanda meli kwenda Nansio, bandari yetu ya Ukerewe, kumwona Bibi.

Nilipokuwa mtoto safari hiyo tuliifanya na MV Clarias. Niliipenda meli ile kuliko kitu chochote cha chuma. Niliamini Clarias ni mama fulani wa Kizungu, pengine mke wa mtu mkubwa, na kila nilipopanda nilimwazia amevaa kofia. Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa baiolojia alipoandika ubaoni jina la kitaalamu la kambare, herufi kwa herufi: Clarias. Nilisimama dawatini. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunasafiri ndani ya kambare! Samaki ambaye babu yangu alimtoa matopeni kwa mikono, mwenye ndevu, asiyekufa hata umwache juani, na hakuna hata mtu mmoja kati ya abiria wale aliyekuwa ameambiwa. Nadhani ningeipenda meli ile maradufu kama ubavuni ingeandikwa KAMBARE.

Bibi nilimkuta uani akimenya muhogo. Anamenya bila kutazama kisu: anachana ganda kwa urefu, anaingiza kidole gumba, ganda linavuka lote kwa mkupuo mmoja kama soksi. Nilipiga goti, "Shikamoo, Bibi." Akanijibu, akanisogezea rundo na kisu cha pili, maana kwake hakuna mgeni anayekaa mikono mitupu. Nikamsimulia habari za fomu. Nilidhani atakasirika pamoja nami.

"Hata hilo Ukerewe ni la kwenu mliosoma," akasema. "Hapa ni Bukerebe."

Ni kweli, na mimi ninayejifanya mwenye uchungu na majina nilikuwa nimelisahau. Sisi wenyewe ni Abakerebe na kwetu ni Bukerebe. Kiswahili kilipolipokea jina kiliidondosha B ya mwanzo na kuilainisha ile ya mwisho ikawa w, kama kilivyofanya kwa majirani zetu wengi. Silalamiki. Kiswahili ni lugha yangu, ndiyo ninayoandikia hapa, ndiyo niliyomlilia mume wangu siku alipofariki. Mzee Aniceti Kitereza, mtoto wa kisiwa hiki hiki, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilipokuja kuchapishwa 1980 ilitoka kwa Kiswahili, alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Kila nikimfikiria naona mtu aliyesimama gatini na mzigo wake kwa miaka 35, na chombo kilipofika kikawa cha lugha nyingine, naye akapanda. Afadhali alipanda.

Bibi hajawahi kuliita ziwa Victoria. Kwake ni nyanza tu, maji makubwa, na hakuna nyanza nyingine ya kuchanganya nayo. Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo wanaliita Nam Lolwe. Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani karne ya kumi na tisa, kabla Mzungu yeyote hajafika, walikuwa wakiliita ziwa zima Ukerewe. Jina la kisiwa chetu lilifunika maji yote mpaka ng'ambo wasikokujua. Halafu tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke akasimama kwenye kilima hapa Mwanza, akayaona maji, na yakapata jina la malkia wake. Alikaa siku chache tu, akarudi Tabora. Ukerewe alikiona kwa mbali, hakukanyaga.

Nimewahi kumchukia Speke kama tulivyofundishwa kumheshimu, kwa mkupuo. Kisha nikaja kusoma kwamba kijito kimoja cha upande huu alikiita Jordans, na Jordans lilikuwa jina la nyumba ya familia yao huko Somerset, Uingereza. Hapo nilitua kitabu. Mwanamume amechoka, ana homa, macho yanamsumbua, yuko mbali na kwao kuliko alivyopata kuwa, anaona maji membamba kati ya majani na anayaita kwetu. Hilo naliona hata kwa nafsi yangu. Nilipohamia Mwanza, kona ya chumba changu cha kupanga nilikoweka jiko niliiita Bukindo, jina la kwetu Ukerewe. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba wangu hakulazimika kuiita hivyo.

Kinachonishinda ni Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu. Mwaka 1875 alifika Ukerewe, akapokewa na mtemi wetu Lukonge, akala, akalala, na Lukonge akampa mitumbwi ya kuvushia watu wake kwenda Buganda. Mitumbwi ya miti yetu. Leo fungua ramani: maji tunayokatiza mdomo wake kila tunapotoka Mwanza kwenda Nansio yanaitwa Ghuba ya Speke, jina ambalo Stanley ndiye aliyeyapa. Lukonge hana hata mwamba.

Mjomba wangu, ambaye amevua dagaa kwenye ghuba hiyo tangu enzi za karabai hadi hizi taa za betri, sijamsikia hata siku moja akitaja Speke. Akinieleza alikotupa nyavu anataja jiwe fulani lenye kinyesi cheupe cha ndege, mti fulani uliopigwa radi, nyumba ya bati ya mtu fulani, na jinsi viwili kati ya hivyo vinavyokaa kwenye mstari. Nafikiri ndiyo ramani sahihi zaidi niliyopata kuisikia. Akifa mjomba na mti ule ukaanguka, itabaki ile nyingine.

Jumamosi nilishuka sokoni Nansio na nikakutana na Mama Neema. Ni mtu wa Ukara, kisiwa jirani na chetu, tunafahamiana miaka mingi kwa biashara ya dagaa. Mimi namuuzia mzigo wake kwenye soko la Mwaloni hapa Mwanza, yeye ananitumia gunia zikiwa kavu kweli, hazina mchanga. Mdogo wake alikuwa ndani ya kivuko cha MV Nyerere. Ilikuwa Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko kinatoka Bugolora, upande wetu wa Ukerewe, kwenda Bwisya kule Ukara, kimejaa kupita kiasi, kikapinduka kimekaribia gati, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya 200. Waliokosa kutambuliwa walizikwa palepale Bwisya.

Nilimsimulia maneno ya yule kijana. Nilitegemea atashika kichwa, tulaani pamoja. Akafunga kwanza gunia alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno.

"Dada," akasema, "hakikuzama Ukerewe. Kilizama Ukara."

Nikamwambia najua.

"Hujui. Mbona ulimwacha aandike? Redio ilisema ajali ya Ukerewe. Viongozi walikuja wakasema poleni watu wa Ukerewe. Hata ninyi mkifika Mwanza mnatuita sisi wote Wakerewe. Sisi tuna lugha yetu, tuna kisiwa chetu. Mdogo wangu alikufa anakwenda kwao, na hata pale mlikuwa hamjui anakwenda wapi."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kuzungumza huku anashona gunia la pili, na mimi nikamshikia mdomo wa gunia kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Aliniambia kinachomchoma zaidi ni kwamba mtu akisikia Ukara anasikia kivuko basi. Hajui kwamba kule hawaachi ardhi ilale. Ng'ombe wanafungwa nyumbani, watoto wanawakatia majani, samadi inabebwa kichwani mpaka shambani, mwaka kwa mwaka, kizazi kwa kizazi, na ndiyo maana kisiwa kidogo kama kile chenye mawe matupu kimelisha watu wengi hivyo bila ardhi kuchoka. Mama yake alikuwa akimpeleka shambani na kikapu cha samadi kabla ya shule, harufu inamfuata hadi darasani. "Wangetujua kwa hiyo samadi," akasema, "ningefurahi."

Tangu jana natafuta mahali pa kujitetea sipati. Mwenyewe nimekuwa nikisema "visiwa vidogo vidogo vya kule" maisha yangu yote. Irugwa, Ukara, na vile vya kambi za wavuvi, vyote kwangu vilikuwa "kule". Nilimshangaa kijana wa dirishani kwa kutojua kilicho nyuma ya dirisha lake, na Ukara ninakiona kwa macho nikisimama ufukwe wa Bugolora, na sijawahi kulala huko hata usiku mmoja. Nimevuka mara mbili tu, zote kwa msiba.

Leo mchana, tukiwa bado Nansio gatini meli inapakia machungwa, nilitoa simu nimjulishe Mama Neema kwamba mzigo wake umeshaingia. Nikaandika M, A, jina likajitokeza lenyewe kwenye kioo, kama nilivyolihifadhi miaka kumi iliyopita: Mama Neema Ukerewe.

Nilikaa nalitazama mpaka kioo kikazimika. Kisha nikampigia. Nikamwambia gunia zote sita zimepanda, halafu nikamwomba radhi, nikamuuliza kwenye simu yangu nimwandike wa wapi.

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiri. "Niandike Ukara." Akanyamaza, nilisikia mbuzi nyuma yake na mtu anaita bei. "Hapana. Andika Bwisya. Nikipatwa na jambo huko Mwanza mjue mnanipeleka wapi."

Nimeandika Bwisya. Na kesho asubuhi nitarudi pale dirishani kabla foleni haijawa ndefu, nina maneno mawili na yule kijana.