Mwenye kukimbia ni mimi, mwenye kuwasha sigiri ni nani?

Wenzangu sokoni siku hizi wananisifia miguu. "Mama, umekuwa mwepesi!" Nashukuru, ila sifa hizo zinakosea mlango. Saa kumi na mbili asubuhi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto mdogo ndiyo kwanza anaamka akidai uji, wakubwa wanatafuta soksi, na sigiri haijashika moto. Nusu saa ninayokimbia kuelekea Ediofe na kurudi kuna mtu ameitoa kwenye asubuhi yake.

Nauza vitenge. Kazi yenyewe ni ya kukaa: unakunjua, unakunja, unakaa tena. Nilipojifungua mtoto wa mwisho presha ikapanda, na muuguzi akaniambia nitembee haraka au nikimbie, angalau dakika 150 kwa wiki, kama wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Nilipolifikisha jambo hilo nyumbani, mama mkwe wangu, Hajati, aliuliza: "Mwanamke anayeteka maji na kulima anakimbia kutafuta nini?"

Hata takwimu ziko upande wake. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti wa watu wa Shirika hilo hilo la Afya Duniani uliolinganisha nchi 168, na Uganda ndiyo iliyoonekana kuwa na watu wachache kuliko zote wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu. Nina hakika hatukufika hapo kwa kuinua vyuma. Ni jembe, ni kutembea, ni jerikani kichwani.

Lakini jerikani likifika nyumbani ni la kila mtu: la chai, la kunawa, la kuogea. Ile barabara ya Ediofe hakuna anayeniomba nimgawie. Nilimweleza Hajati hivyo, akanyamaza kwa namna yake ya kunyamaza, ambayo nyumba nzima huisikia. Kisha akatoa dera lake la zamani, akalikata chini ya magoti, akalipasua pembeni kwa cherehani yake ya mkono ili niweze kupiga hatua juu ya suruali. Mpasuo wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa sababu macho yanamsumbua. Fundi jirani alitaka kuurekebisha, nikamkatalia.

Baba watoto ni fundi magari, gereji yao haifunguliwi mapema, kwa hiyo uji ukawa wake. Wiki za mwanzo ulikuwa wa mabonge, watoto wakawa wanauchungulia kwanza kabla ya kunywa. Sasa anaweka ndimu na siagi ya karanga, na anajisifu mbele ya wageni kwamba mimi sijui kupika uji. Na ajisifu tu.

Barabarani nako kulikuwa na mtihani wake. Vijana wa steji ya boda walikuwa wakiniona wanapiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, "Huyu anakimbia deni!" Steji nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana siku hiyo kweli nilikuwa nadaiwa. Nikapita vivyo hivyo, jasho linanitoka, kilemba kimeenda upande. Kesho yake nikapita tena.

Naamini hapo ndipo ujasiri wangu ulipotoka, kuliko kwenye mapafu. Ukishazoea kutazamwa na steji nzima ukiwa umelowa jasho, macho ya watu kwenye benchi hayakutishi tena. Mwaka jana mwenye vibanda vyetu alituita kutangaza kwamba kodi inapanda. Zamani ningenong'ona na jirani yangu, kisha nilipe. Safari hii nilisimama nikamwomba atuonyeshe maandishi tuliyokubaliana. Hayakuwepo. Tulibishana mpaka adhuhuri. Kodi ilipanda, lakini kwa nusu ya alichotaka, na sasa kuna karatasi yenye sahihi. Jioni nilipomsimulia Hajati alicheka mpaka akashika ubavu, akaniuliza kama nilikuwa nimevaa dera lake.

Na Arua yetu mwanamke akikimbia si kioja. Dorcus Inzikuru ni wa huku kwetu. Mwaka 2005 kule Helsinki mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji ziliingizwa kwa mara ya kwanza kwa wanawake kwenye mashindano ya riadha ya dunia, na yeye ndiye aliyezishinda. Mbio hizo hizo ndizo zilizompa Peruth Chemutai dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuipata. Wale vijana wa steji wanawajua wote wawili, wanawashangilia, halafu mama wa vitenge akipita wanampigia miluzi. Hilo sijalielewa bado.

Sasa wifi yangu naye anataka tukimbie pamoja. Raba ameshanunua mitumba, nzuri kuliko zangu. Kinachomzuia ni sigiri ya kwake, kwa sababu mume wake hajawahi kuiwasha na hajaulizwa. Mimi sitamwuliza, si mahali pangu. Baba watoto amesema atazungumza naye Ijumaa wakitoka msikitini, na akikubali atamfundisha mwenyewe kukoroga uji.